Usipoteze Ulichokopi: Somo Nililolipata kwa Namba ya Mzee Mmoja

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, leo naweka mbolea pembeni kidogo tuzungumzie kompyuta ya mezani. Wengi wenu sasa mnaandika orodha za vikundi, madeni na bei kwenye kompyuta, yako mwenyewe au ya duka la steshenari.

Msimu uliopita nilikuwa nahamisha namba za simu za wakulima kwenda orodha mpya, ili wapigiwe mbegu zikifika. Nikakopi namba ya mzee mmoja. Kabla sijaibandika simu ikaita, mtu akitaka namba ya jirani yake. Nikaikopi, nikamtumia. Niliporudi kwenye orodha nikabandika bila kuangalia. Jirani akapigiwa mara mbili, mzee hakupigiwa kabisa. Alipokuja ofisini akasema, "Bwana shamba, mimi mlinisahau?" Mbegu zilikuwa zimekwisha. Nilimwomba radhi, lakini radhi haioti shambani.

Tatizo ni kwamba kompyuta kwa kawaida hukumbuka kitu kimoja tu, kile ulichokopi mwisho. Lakini Windows 10 tangu toleo la Oktoba 2018, na Windows 11, zinaweza kutunza historia ya ulivyokopi. Hulipii chochote wala hupakui programu. Fanya hivi:

1. Shikilia kitufe cha Windows, chenye alama ya dirisha, kisha bonyeza V.
2. Kisanduku kikitokea, bonyeza palipoandikwa "Turn on". Hii ni mara ya kwanza tu.
3. Endelea kukopi kwa Ctrl na C kama ulivyozoea.
4. Ukitaka kubandika, bonyeza tena Windows na V, kisha chagua unachokitaka kwenye orodha.

Orodha inabeba vitu 25. Ukizidisha, vya zamani vinaondoka. Ukizima na kuwasha upya kompyuta, vyote vinafutika, isipokuwa ulivyovibana kwa alama ya pini. Mimi nimebana namba ya simu ya ofisi na ujumbe wa kuita mkutano, maana navitumia kila wiki.

Sasa tahadhari. Kwenye kompyuta ya steshenari, historia hiyo anaweza kuiona anayekaa baada yako. Usikopi nywila wala namba ya siri ya pesa za simu. Kabla hujaondoka, fungua orodha ubonyeze "Clear all". Kumbuka, kilichobanwa hakifutiki kwa njia hiyo, kiondoe pini kwanza.

Hata hivyo, chombo hiki hakisomi badala yako. Siku hizi nikimaliza kubandika namba, namsomea mwenyewe kwa sauti. Yule mzee nilimsomea mara mbili. Akacheka, akasema, "Sasa umeniandika."