Silikanti si babu yetu, ni binamu

Leo tuache habari za bumu, tuongee samaki.

Septemba 2003 wavuvi wa Songo Mnara, kwetu Kilwa, walivua silikanti, wa kwanza kurekodiwa Tanzania. Mwaka uliofuata wakaanza kunaswa Kigombe, Tanga, kwenye majarife ya papa, na 2009 Tanga ikapata hifadhi ya bahari yenye jina lake. Kabla hajapatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, wataalamu walidhani ukoo wote ulishakufa zamani za dinosauri.

Basi watu wamezoea kumwita babu yetu. Hapo ndipo nabisha.

Wazee hasa ni plakodemu, samaki waliovaa deraya ya mifupa kichwani na kifuani. Ni kati ya wenye uti wa mgongo wa kwanza kabisa kuwa na taya. Walitoweka miaka milioni 359 hivi iliyopita. Yale madude ya Tendaguru, ambayo Wajerumani waliyachimba hapa Lindi 1909 hadi 1913 wakayapeleka Berlin, yana miaka milioni 150 tu. Watoto wa juzi!

Zamani plakodemu walionekana tawi lililokauka pembeni. Mwaka 2013 akatangazwa Entelognathus wa China: deraya ya plakodemu, lakini mifupa ya taya imepangika kama ya samaki wa leo, na kama yetu. Taya unayotafunia muhogo ina historia ndefu, bwana.

Mwaka huohuo jenomu ya silikanti ikasomwa. Kumbe kamongo, yule wa Mwanza anayevuta hewa, yuko karibu zaidi na sisi.

Kwa nini nakomaa hivi? Sisi wa Ualimu ndio tutakaopangiwa shule za Kilwa. Mtoto wa mvuvi ukimwambia babu yake ni samaki, atacheka, na somo limekufa. Mweleze kwa ukoo, pwani nani asiyejua ukoo? Binamu hakukuzaa, ila babu yenu mmoja.

Halafu mwambie binamu huyo yupo kwenye maji yao, na utafiti wa 2021 umekadiria mimba yake ni miaka 5. Jarife likimnasa mama mmoja, kurudisha pengo hilo si kazi ya msimu mmoja. Hilo mtoto wa Songo Mnara atalielewa kuliko mimi na wewe.

Wa Baiolojia mpo? Nipingeni hapo chini.