Shabaha Huanzia Miguuni

Wazazi wote huniuliza swali moja, Wamarekani wa hapa Ohio na wenzetu waliohamia kutoka Nairobi au Bukavu: kocha, shabaha inafundishika, au mtoto huzaliwa nayo? Ninafundisha makotabeki wa shule ya sekondari, vijana wa miaka 14 hadi 18. Jibu langu ni kwamba inafundishika, tena sana. Ila anayekuja mazoezini akitarajia kuniona nikihangaika na mkono wa mwanawe atashangaa, kwa sababu muda mwingi nimeinama naangalia viatu.

Kwa asiyeujua mpira wa Kimarekani, kotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza. Ana kama sekunde tatu tu za kuchagua mwenzake na kumrushia kabla hajaangushwa. Mpira wenyewe una ncha mbili, uzito wake ni kama gramu 400, na usipozunguka vizuri hewani huyumba.

Kuna kijana aliyeletwa kwangu akiwa na mkono wenye nguvu za kutisha. Pasi ndefu alizimudu, lakini zile za mita 15 katikati ya uwanja zilipita juu ya vichwa vya wapokeaji. Nyumbani alikuwa akirusha mipira kwenye tairi lililotundikwa mtini, jioni baada ya jioni, na kasoro ikabaki palepale. Nilisimama ubavuni kwake, nikautazama mguu wake wa kushoto, maana hurusha kwa mkono wa kulia. Alikuwa anapiga hatua ndefu mno. Kisigino kilitua mbali mbele, kiwiliwili kikabaki nyuma, na mpira ukaachiwa mkono ukiwa bado unapanda. Mpira wa namna hiyo lazima uende juu. Nikalaza kamba kwenye nyasi na kumwambia mguu usiivuke, goti likunjwe kidogo, nyonga izunguke kwanza ndipo bega lifuate. Pasi zikaanza kushuka hadi kifuani mwa mwenzake. Akaniambia, “Kocha, mbona nahisi kama situmii nguvu?” Nikamjibu kuwa nguvu sasa zinatoka kwenye nyonga, ndiyo maana mkono umepumzika.

Hiyo ni nusu ya kazi, na ndiyo nyepesi. Nusu ya pili ni wakati. Mpokeaji mwenye mbio hukata karibu mita nane kwa sekunde. Kotabeki akisita nusu sekunde, mwenzake yuko mita nne mbele ya pale alipolengwa. Watu wakiwa jukwaani watasema hana shabaha, kumbe amechelewa kuamua. Kwa hiyo tunafunga hatua za kotabeki na mbio za mpokeaji: anarudi nyuma hatua tano, ya tano ikitua mpira unatoka, hata kama mpokeaji hajageuka. Kumwamini mwenzako ambaye bado amekupa mgongo ni jambo gumu kwa kijana wa miaka 15. Hapo ndipo ninapotumia saa nyingi kuliko popote.

Mfano ninaowapa mara kwa mara ni Josh Allen, kotabeki wa Buffalo Bills. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Wyoming, pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 56 hivi. Mwaka 2018, wake wa kwanza katika NFL, ligi ya kulipwa, zikashuka hadi 52.8. Wengi walimkatia tamaa, wakisema mtu asiyelenga chuoni hawezi kulenga kwa wakubwa. Kila msimu ulipoisha alirudi kwa Jordan Palmer, aliyewahi kuwa kotabeki, kurekebisha mpangilio wa mwili wakati wa kurusha. Mwaka 2019 akafika 58.8, na 2020 akafika 69.2. Sitaki kumpa Palmer sifa zote. Mwaka huohuo wa 2020 timu ilimleta Stefon Diggs, mpokeaji hodari kabisa, na Brian Daboll, aliyepanga mashambulizi, alikuwa tayari anamjengea mchezo unaomfaa. Asilimia hupanda pia kwa sababu ya nani anapokea na pasi gani unaagizwa kurusha. Lakini nimetazama picha za Allen za 2018 na za 2020 nikizipunguza kasi, na miguu ile si ileile.

Nisiwe mwongo kwa wazazi, upo upande mwingine. Kotabeki Tim Tebow aling’ara Chuo Kikuu cha Florida hadi akatwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2007, lakini mwaka 2011, akiwa na timu ya Denver katika NFL, pasi zilizofika zilikuwa asilimia 46.5 tu. Baadaye alifundishwa na Tom House, mrushaji wa zamani wa besiboli ambaye aliwahi kumnoa kotabeki Drew Brees. Brees alitoka asilimia 57.6 mwaka 2003 hadi 65.5 mwaka 2004. Tebow hakurudi tena kwenye mechi ya ligi. Mwalimu mmoja, wanafunzi wawili, matokeo mbali kama mbingu na ardhi. Naamini mwili uliokwisha kuzoea njia moja kwa miaka mingi hurudi kwenye njia hiyo mlinzi anapokuja mbio, hata kama mazoezini kila kitu ni safi.

Na kuna kitu nakiona kigumu kufundisha: kipimo cha mkono, yaani kujua mpira upande kiasi gani ili umpite mlinzi wa kati na ushuke kabla ya mlinzi wa nyuma. Wengine wanacho wakiwa na miaka 14, wengine hukipata kidogokidogo. Kwa hiyo mwezi Agosti, tunapochagua vijana, simpimi mtu kwa umbali. Namwambia amrushie mwenzake anayetembea, kisha anayekimbia polepole, kisha kwa kasi yote. Pasi ya kwanza ikienda kombo hainisumbui. Natazama kama ya pili imeirekebisha bila mimi kufungua mdomo, na huyo ndiye ninayemwita arudi kesho yake.