Safari ya Zabibu kutoka Unguja hadi Uingereza

Mji Mkongwe wa Unguja haukosi paka. Asubuhi utawakuta juu ya baraza za mawe wakiota jua, na jioni katika bustani ya Forodhani wakizunguka miguuni mwa wauza mishikaki na pweza, kila mmoja na mahali pake. Paka wetu, Zabibu, hakuwa miongoni mwao. Binti yangu alimwokota angali kitoto, akamlea kwa mkono wake, naye akakulia ghorofani bila kushuka mtaani. Kwa hiyo siku nilipowaambia watoto kwamba kazi inanipeleka Uingereza, na kwamba nyumba nzima itahama, binti yangu hakuuliza habari za baridi wala za shule. Aliuliza, "Baba, na Zabibu?" Nikajibu upesi, kama tujibuvyo wazazi, kwamba tutakwenda naye. Sikujua nilichoahidi.

Jirani yetu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, alinipa shauri barazani. "Mwanangu, mpeleke sokoni Darajani umwache. Hatakosa kichwa cha samaki." Nilipoonekana kusita, alinikumbusha ile Hadithi tuliyoisoma sote chuoni, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. "Wewe humfungii," akasema, "unamwachia." Mimi si mtu wa kutoa fatwa, na hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini Zabibu hakupata kukamata hata mjusi. Kumwachia kiumbe ajitafutie, ilhali sisi wenyewe ndio tuliomfanya asijue kutafuta, kulinitia shaka moyoni. Tena kulikuwa na ile ahadi kwa mtoto.

Uingereza inaogopa kichaa cha mbwa, na ina sababu, kwa kuwa ugonjwa huo uliondoshwa huko kitambo na hawataki urudi. Zamani kila paka au mbwa aliyetoka nje aliwekwa karantini miezi 6. Utaratibu huo ulianza kulegezwa mwaka 2000 kwa wanyama wa baadhi ya nchi. Tanzania, kama ilivyo Kenya, haimo katika orodha ya nchi zilizorahisishiwa, kwa hiyo njia yetu ni ndefu. Mnyama hutiwa kwanza chipu ndogo chini ya ngozi, yenye nambari ya tarakimu 15. Kisha huchanjwa. Zikipita siku 30 hutolewa damu, nayo hupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa ili kupima kama chanjo imeshika. Kiwango kisipungue 0.5 kwa kipimo cha kimataifa katika kila mililita. Hata majibu yakiwa mema, husubiriwa miezi 3 tangu siku ilipotolewa damu ndipo mnyama aruhusiwe kuingia.

Mimi nilijiona mtu wa kujiandaa. Tiketi zetu zilikuwa za mwanzo wa Julai, na Februari Zabibu alikwisha kuchanjwa katika zahanati moja ya mifugo. Chipu tuliambiwa tungoje, haina haraka. Aprili nilipompeleka kwa daktari mwingine ili atiwe chipu, aliangalia kadi ya chanjo, akaniangalia mimi, akasema kwa upole, "Sheikh, chanjo hii haihesabiwi." Chanjo iliyotangulia chipu ni kama haikufanyika, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba aliyechanjwa ni paka huyu na si mwingine. Tukaanza upya siku ileile, chipu kwanza na sindano baadaye. Damu ikatolewa katikati ya Mei. Nilihesabu kwa vidole mara mbili, na mara zote mbili nikaishia katikati ya Agosti.

Wala haikufaa sisi kutangulia na kumwacha yeye aje nyuma. Mnyama anayesafiri kama wa nyumbani, asiye wa biashara, hatakiwi kupishana na mwenyewe kwa zaidi ya siku 5. Akizidi hapo huingia katika kanuni nyingine kabisa. Basi nililipa faini ya kubadili tiketi, nikamwomba mwajiri aniwie radhi, na kwa kuwa nyumba ya kupanga tulikwisha kuirudisha, tukahamia kwa mama yangu, Malindi, watu watano katika vyumba viwili. Ndugu zangu hawakunificha maoni yao. Mke wangu hakusema kitu, jambo ambalo kwa waliooa ni zito zaidi.

Mama, ambaye siku ya kwanza alisema paka asikanyage chumbani kwake, kufikia wiki ya tatu alikuwa akimbakishia changu. Yeye ndiye aliyemzoesha kizimba. Kizimba cha ndege huwa kigumu, na mnyama aweze kusimama humo bila kugusa dari, kugeuka, na kujinyoosha. Kosa la wengi ni kumtia humo kwa mara ya kwanza siku ya safari. Mama alikiweka wazi pembeni mwa ukumbi, akatandika kanga yake kuukuu yenye harufu ya udi, na chakula akakiweka humohumo. Mwezi haukwisha, Zabibu alilala ndani kwa hiari yake.

Ndugu zangu walinishauri nimpe dawa ya usingizi. Daktari alikataa katakata: dawa hizo hushusha msukumo wa damu na huweza kutatiza pumzi, na angani hakuna wa kumtazama. Alitaka ale kidogo, saa kadhaa kabla ya kuondoka, na chombo cha maji kifungwe mlangoni mwa kizimba ili kijazwe kwa nje. Hati ya afya hutolewa mwishoni kabisa, kwa kuwa mnyama lazima afike ndani ya siku 10 tangu itolewe. Mwenye mbwa ana jambo la ziada, dawa ya tegu, nayo hutolewa kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika.

Paka haingii Uingereza akiwa mapajani mwako ndani ya ndege. Huingia kama mzigo wenye hati zake. Binti yangu alikesha njia nzima akiuliza kama huko chini kuna giza.

Heathrow kuna kituo maalumu cha kupokelea wanyama. Tuliketi hapo saa nyingi huku maafisa wakisoma chipu na kulinganisha nambari na karatasi, moja baada ya moja. Kasoro moja tu ingetosha kumpeleka karantini hadi miezi 4, kwa gharama zetu. Nilishika tasbihi, na sioni haya kukiri kwamba nilimwombea paka dua. Hatimaye kizimba kikaletwa. Zabibu alikuwa amejikunja juu ya kanga, macho wazi, kimya.

Usiku ule katika nyumba ngeni alijificha nyuma ya kabati, akakataa kula. Binti yangu akaitandika ile kanga sakafuni, akaketi kando akingoja. Nilimpigia mama simu kumjulisha kwamba tumefika salama. Aliuliza habari za paka kabla ya kuuliza za wajukuu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie mtoto kanga yangu asiifue."