Tulivyojifunza Kurudisha Remorki

Kuendesha gari mbele si kazi kubwa. Vijana wengi wa mahali petu wamekwisha kujua. Lakini fungeni nyuma ya gari remorki yenye mashua, kisha mwambieni kijana huyo airudishe kinyumenyume mpaka majini. Mtaona. Sisi tunaoandika haya tulikaa miaka mingi seminarini, tukasoma Kilatini na falsafa, na siku ile hatukujua tena mkono wa kushoto ni upi na wa kuume ni upi.

Misioni yetu iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie. Zamani mashua haikuhitaji remorki. Ilikaa mchangani, wanaume sita wakaisukuma, basi. Lakini ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, ndio mto Lukuga pale Kalemie, na mvua zikizidi, maji huingia mengi kuliko yanayotoka. Mwaka 2021 yalipanda, na mwaka 2024 yakapanda tena hata kuingia nyumba za watu huko Uvira, Kalemie na Bujumbura. Kwetu yalikula mchanga wote, yakaacha mawe. Mashua ikiachwa chini usiku, mawimbi huipigapiga juu ya mawe hayo. Kwa hiyo sasa inalala juu, karibu na nyumba ya mapadri, na kila safari jipu huishusha kwa njia nyembamba: upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo.

Aliyeijua kazi hii alikuwa mtu mmoja tu, shofere wa misioni, mzee asiyemaliza darasa la nne. Tulikuwa tukimtazama kila mara, tukadhani kutazama ni kujua.

Usiku mmoja wa wakati wa mvua walifika watu wakimchukua mwanamke kwenye kitanda cha miti. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake, na mkunga wa dispanseri alisema kazi hii yamshinda, apelekwe hospitalini. Njia ya gari ilikuwa imekatika kwa maji. Imebaki ya ziwa. Mzee shofere hakuwapo, alikuwa amekwenda kwa binti yake kwa sababu ya macho. Tukasema: «Tutashusha sisi.»

Tulipogeuza usukani kushoto, remorki ilikwenda kuume. Tukaugeuza kuume kwa haraka, ikarudi kushoto kupita kiasi, ikakunjika kama kisu cha kukunja, na pembe ya jipu ikagonga chuma chake. Tukaenda mbele, tukajaribu tena. Mara nne. Watu walikuwa wakipiga kelele, kila mmoja na shauri lake, na katikati ya kelele hizo tulisikia sauti ya yule mama. Mwisho wanaume waliifungua remorki, wakaishusha kwa mikono na kamba, polepole, gizani, mvua ikinyesha. Saa nzima ilipotea.

Mama alipona. Mtoto alizaliwa amekufa. Baadaye tulimwuliza mkunga kama ile saa moja ilikuwa na maana. Akatutazama muda, akajibu: «Mwalimu, mimi sijui, na wewe hutajua.» Hakuongeza neno.

Mzee aliporudi tulimwendea nyumbani kwake, tukamwomba atufundishe. Hakutupeleka kwenye jipu. Alichukua viberiti viwili, akaviunga kwa kijiti na uzi, akaviweka mezani. «Sukuma cha mbele kwa kidole,» akasema. «Angalia cha nyuma.» Tulisukuma. Kitako cha kile cha mbele kikienda kuume, cha nyuma kinaelekeza mgongo wake kushoto. Tulifanya hivyo jioni tatu, na watoto wake wakatucheka: mwalimu wa dini anacheza na viberiti! Ilituuma kidogo, tukubali.

Siku ya nne tulikwenda kwenye uwanja wa mpira pamoja na jipu na remorki tupu. Mzee alisimamisha bidoni mbili za mafuta, kama mlango, akasema maneno ambayo twayaandika hapa kwa faida ya kila mtu mwenye kazi kama yetu. Shika usukani chini kabisa, si juu. Ukitaka remorki iende kushoto, peleka mkono wako kushoto. Ukitaka iende kuume, peleka kuume. Hapo kichwa hakina tena kazi ya kugeuzageuza. Ikishaanza kupinda, usingoje: rudisha usukani, uifuate, kama mtu anayemfuata mbuzi njiani. Nenda polepole kuliko mtu anayetembea. Na pembe ikizidi, hakuna usukani utakaoiokoa. Simama, enda mbele mpaka inyoke, anza tena. «Kwenda mbele si aibu,» alisema. «Aibu ni kuendelea kukunja.» Maneno haya yalitugusa, maana ndiyo tuliyofanya usiku ule.

Jambo jingine hatukulifikiri kamwe. Katika nchi yetu shofere anaketi upande wa kushoto. Basi ukiweza kuchagua, jipange hata remorki ipinde kushoto, uione kwa dirisha lako mwenyewe; ikipinda kuume inakupotea machoni, unabaki na kioo tu. Remorki yetu tena ni fupi, na fupi hugeuka upesi kuliko ndefu. Mtu wa lori angedhani kazi yetu ni mchezo. Ajaribu.

Tulizigonga bidoni mara nyingi. Wiki ya tatu tulivunja ukuta wa kibanda cha mihogo cha mjane mmoja, tukakijenga upya kwa matofali yetu. Baada ya hapo tukashuka ziwani. Huko kuna sheria zake: kutazama kizibo cha mashua kimefungwa, kumpa mtu kamba ya mbele kabla ya mashua kuelea, kuweka mawe nyuma ya magurudumu ya jipu. Na kama remorki imetoka safari ndefu, ingoje kwanza. Gololi za magurudumu zikizama zingali na moto hupoa ghafla, huvuta maji ndani, na kutu inaanza.

Tangu hapo tumeshusha mashua usiku mara tatu kwa wagonjwa. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi jana, na hatukuhitaji kwenda mbele hata mara moja. Mzee alisimama chini na taa, ingawa macho yake sasa haoni zaidi ya mwanga tu. Alikuwa akisikiliza injini.

Jumapili iliyopita padri alitangaza kwamba misioni inatafuta mtu wa pili wa kujifunza, maana sisi huenda vijijini siku nyingi. Aliyesimama ni mume wa yule mama. Aliwahi kuendesha gari Kalemie. Baada ya Misa alitujia, akatusalimu, akauliza aanze lini. Tukamjibu aje nyumbani Ijumaa jioni. Viberiti tunavyo.