Lori Halinywi Maji

Morogoro

Mpwa wangu,

Mama yako alinipa simu nikasikiliza ujumbe wako mara mbili. Umesema lori ulilokabidhiwa uliliongeza lita tano za maji Chalinze, lita nane Mikumi, ukafika Tunduma salama, na kwamba "linakunywa kidogo tu". Hilo neno la kunywa ndilo lililonikalisha niandike. Kwa simu ungenisikiliza kwa sikio moja, la pili liko kwa tajiri. Barua hii utaikuta kwa mama yako. Isome kabla hujapakia tena.

Injini inakula dizeli, na ikizeeka inalamba oili. Maji hainywi. Yanazunguka humo humo, kutoka kwenye bloku hadi kwenye rejeta na kurudi. Ukiongeza lita 13 safari moja, basi lita 13 zimemwagika mahali, au zimepenya ndani ya injini, kwenye silinda au kwenye oili. Wewe hukujua ni lipi kati ya hayo mawili, ukaupanda mlima Kitonga na mzigo.

Na mimi niliupanda hivyo hivyo, mwaka 1996. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa ukitoa jasho tangu Ruaha Mbuyuni. Nilimwona utingo akiufuta kwa kitambaa, nikamwambia apande twende, kwa sababu malori yalikuwa yamefuatana na sikutaka kupitwa. Katikati ya kona sindano ya joto ikapanda hadi kwenye nyekundu. Nikawa natafuta pa kuegesha. Mara ikashuka. Nikamshukuru Mungu, nikakanyaga mafuta. Dakika chache baadaye injini ikagonga, ikakamata.

Sindano ile haipimi chuma. Inapima maji yanayoigusa sensa. Maji yakiisha, sensa inabaki hewani, na sindano inaweza kurudi chini kama vile mambo yametulia, kumbe chuma kinaungua. Hakuna aliyekuwa amenifundisha hilo. Tajiri alilipia hedi, pistoni na laina. Mimi nililipa kwa kukaa nyumbani miezi saba. Kwa hiyo sindano ikipanda kisha ikashuka ghafla, na wewe hujalegeza mguu wala hujamaliza mlima, zima papo hapo.

Ikiwa imepanda tu na maji bado yapo, punguza mwendo, shusha gia, washa hita ya kabini mpaka mwisho hata kama ni saa saba mchana bondeni Ruaha. Utatoka jasho kama aliyekaa kwenye chumba cha moshi, lakini hita ni rejeta ndogo, inakusaidia kufika penye nafasi. Ukishaegesha, weka kabari, weka pembetatu mbali nyuma ya treila, si hatua tatu kama ninavyowaona vijana wakiweka. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, zile kilomita 50, usijiingize chini ya gari ukiwa peke yako.

Halafu subiri. Hapa ndipo madereva wengi wanapoungua. Mfuniko wa rejeta unashikilia presha, na ni presha hiyo inayoyafanya maji yavuke nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua yanachemka kwa mpigo na kukurukia. Lile kovu la mkono wangu wa kushoto, ulilokuwa ukiniuliza ulipokuwa mdogo nikakwambia ni la uji, si la uji. Bonyeza mpira wa juu kwa kitambaa: ukiwa mgumu kama tairi, kaa chini, ongea na utingo. Nusu saa ni kidogo. Na ukishafungua, usimimine maji ya baridi kwenye injini ya moto, bloku inaweza kupasuka. Yatie taratibu, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta.

Kutafuta tundu ni kazi ya macho. Kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta, ikikauka inaacha ukoko wa rangi yake, kijani au nyekundu, na ukoko huo unakuonyesha njia hadi ilikotoka. Angalia klipu kwanza, nyingi zimelegea tu na bisibisi inatosha. Chini ya wota pampu kuna kitundu. Kikidondosha, pampu imechoka. Ukisikia harufu tamu kabini, ni hita. Mpira ukipasuka mwishoni, kata sehemu mbovu, uchomeke tena. Ukipasuka katikati, ukaushe, uzungushie ukanda wa tyubu ukiuvuta kwa nguvu, ufunge kwa waya. Kisha usikaze mfuniko hadi mwisho, ili presha isiufumue. Maji hapo yatachemka mapema zaidi, hivyo nenda polepole, simama kila baada ya kilomita 15 uangalie, na mlima usiupande. Kiraka ni cha kukufikisha kwa fundi wa karibu, si Tunduma.

Watu watakuambia utie manjano, au yai, kwenye rejeta. Kitundu kitaziba kweli, na vijia vya rejeta vitaziba pamoja nacho. Beba madumu mawili ya lita 20 ya maji safi. Ya kisima cha chumvi cha Dar yanakula rejeta. Na ukimwaga kulanti usiiache chini. Ni tamu, ni sumu, mbwa akiilamba figo zinakufa, na watoto wa barabarani wanacheza popote.

Sasa ikiwa huoni tone nje, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au moshi ukitoka mweupe na kunuka utamu, au tangi la maji likitoa mapovu injini ikiunguruma, kwa kawaida gasketi ya hedi imekwenda. Hapo hakuna kiraka, hakuna "nisogee kidogo". Mpigie tajiri umwambie lori halitembei. Atakufokea. Mimi nimefokewa na matajiri wanne na bado natembea. Injini niliyoiua mwaka 1996 haikutembea tena mpaka ilipowekewa hedi, pistoni na laina.

Kabla ya kupakia, mpelekee fundi alipime hilo lori kwa pampu ya presha likiwa baridi. Tajiri akikataa gharama, mwambie mjomba wako ataongea naye, na namba yangu unayo. Chochote kitakachobadilishwa, mpira au wota pampu, cha zamani usikitupe. Niletee hapa Morogoro nikione.

Mjomba wako