Huruma Nayo Inachoka

Hapa Kabalagala tunaujua uchovu wa mwili: wa kubeba maji, wa kuchoma chapati hadi usiku wa manane, wa kupanga foleni tangu alfajiri. Kuna uchovu mwingine ambao hatuupi jina. Mimi niliuelewa kupitia watu wanaotibu wanyama.

Jirani yangu alisomea udaktari wa mifugo kwetu Kivu. Sasa anapanda Muyenga, kwenye mageti makubwa, kuchanja mbwa na kuwapa dawa ya minyoo. Nikamwambia ana bahati, anashinda na wanyama, hasikilizi matatizo ya watu. Akacheka. Alinambia mbwa hawamchoshi. Kinachomchosha ni mtoto anayemkumbatia mbwa wake na kuuliza, "Atapona, si ndiyo?" na yeye keshajua sindano iliyobaki ni ile ya kumlaza asiamke tena. Au mama wa huku chini mwenye mbuzi mmoja tu: ugonjwa unatibika, pesa ya dawa hakuna.

"Ninajua la kufanya," alisema, "na ninaondoka bila kulifanya. Nikifika nyumbani mtoto wangu akilia, sisikii kitu."

Tuliotoka Kivu ya Kaskazini wengi tumesikia habari za André Bauma, mlezi wa gorila yatima pale Senkwekwe, Rumangabo. Mwaka 2007 watu wenye silaha walimuua mama wa Ndakasi. Askari wa hifadhi ya Virunga walimkuta mtoto, wa miezi miwili tu, ameshikilia maiti. Bauma alimlaza kifuani usiku kucha apate joto. Vita vya M23 vilipofika 2012, gorila mwingine, Kaboko, alikufa wakati wa mapigano, na Bauma akabaki na waliosalia. Tarehe 26 Septemba 2021 Ndakasi alifia mikononi mwake. Dunia iliipenda ile picha. Mimi niliona baba aliyelea miaka 14, na kesho yake asubuhi wengine wanangoja kulishwa.

Ndiyo kazi yetu pia. Kijana anayekalimani mahojiano anazitamka habari za ubakaji na mauaji kwa mdomo wake mwenyewe, "mimi nilipigwa, mimi nilikimbia," kisha anarudi nyumbani na boda kama aliyetoka sokoni. Akianza kujibu watu kwa ukali, tunasema amekuwa na roho mbaya. Hapana. Roho mbaya haichoki. Aliyechoka ni yule aliyejali.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuandika uchovu huu kuwa jambo linalotokana na kazi, wala si ugonjwa. Hilo linatufundisha kitu: usimwambie mtu "jikaze tu" halafu mzigo ukabaki uleule. Punguza mzigo. Senkwekwe walezi ni zaidi ya mmoja, juu huzuni ya namna hiyo haibebwi na mgongo mmoja.

Kwa hiyo ninyi wa mashirika, mnapompa kijana wa kujitolea nyumba kumi zenye msiba kwa wiki, mpeni pia siku ya kupumzika, na mtu wa kumsikiliza. Nasi wa Nakivale, Kyangwali na huku mjini, tukimwona mwenzetu amenyamaza, tusingoje aombe. Tumuulize leo amebeba nini.