Koki ya Bibi

Ndugu msomaji, mimi ni mwizi. Sikuvunja duka la mtu wala sikumkwapulia mtu mkoba stendi. Niliiba hela ya koki.

Bibi yangu ana nyumba ya mabati hapa Tabora, upande wa Ng'ambo, na nyuma ya nyumba ana bustani ya mchicha, matembele na bamia. Bustani hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka kidato cha nne. Mwezi Septemba mwaka jana koki ya bustanini ilianza kuvuja. Bibi akafungua pindo la khanga, akanihesabia noti. "Haya mume wangu," akasema, maana bibi zetu huwatania wajukuu hivyo, "nenda mjini ukaninunulie koki mpya, na hiyo inayobaki ni ya fundi."

Mjini nikaenda. Lakini kabla sijafika kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikapita penye duka la madaftari. Lo! Kaunta buku kwaya nne, nene, zimepangwa kama matofali. Daftari langu la riwaya lilikuwa limeisha katikati ya sura ya tano. Nikasimama. Nikajiambia koki inadondosha matone tu, si mto. Nikanunua kaunta buku mbili na kalamu. Nilipofika nyumbani nikachana mpira wa tairi la ndani la baiskeli, nikaikaza koki, nikamwambia bibi imepona.

Nieleze kidogo kuhusu riwaya hiyo. Inamhusu kijana mpagazi anayeitwa Shija, anayebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo. Sisi tuliokulia Tabora tunakanyaga njia hiyo kila siku. Hapa ndipo Burton na Speke walipofika Novemba 1857, wakati pakiitwa Kaze, baada ya kuondoka pwani mwezi Juni. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Vitabu vinawataja sana wageni hao. Mimi nilitaka kumwandika Mnyamwezi aliyebeba mizigo yao, ambaye jina lake halikuandikwa popote. Na sura ya tano ilikuwa ya Mgunda Mkali, ile nyika kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi ambayo misafara ilikuwa ikiiogopa kwa kiu.

Basi, Jumamosi moja bibi alikuwa amekwenda msibani Sikonge. Nami nikaenda kulala kwa mshikaji wangu Isevya, kwake kuna taa nzuri, tuandike. Nilirudi Jumatatu asubuhi. Nikasikia sauti kabla sijafika uani. Mpira ulikuwa umekatika. Maji yanamiminika, bustani imegeuka bwawa, bata wa jirani wanaogelea juu ya mchicha. Jirani akaniambia alidhani bibi yupo, anamwagilia.

Nikachukua dumu la lita 20, nikalitega chini ya koki. Lilijaa kwa dakika tatu. Piga hesabu: lita 400 kwa saa. Kwa saa 48 ni lita 19,200, yaani madumu 960. Kwa lugha ya bili ni yuniti zaidi ya 19.

Bili ilipokuja bibi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Aliikunja, akaiweka chini ya mto, akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki. Hela ya koki uliifanyia nini?"

Nikaenda ndani nikaleta kaunta buku. Bibi hakusoma shule. Akaigeuza geuza, akasema, "Nisomee."

Nikamsomea sura ya tano. Shija yuko katikati ya Mgunda Mkali, jua linawaka, midomo imepasuka. Anafungua kibuyu, anakunywa, ananawa uso, anamwaga yaliyobaki ili mzigo upungue, anaendelea na safari akiimba. Mimi niliiona sehemu hiyo kuwa tamu mno. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Huyo mtu wako hajawahi kubeba maji."

Jamani, nimesoma mengi kuhusu uandishi, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunichapa namna hiyo.

Bili hatukuweza kuilipa, maji yakakatwa. Kwa wiki sita nilichota kisimani kwa baiskeli, madumu mawili asubuhi na mawili jioni. Mlango wa mwisho wa njia ni mchanga mtupu, baiskeli haipandi, kwa hiyo nilikuwa nabeba dumu begani. Dumu moja ni kilo 20. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, karibu kilo 32, pamoja na mkeka wake na chungu chake, kwa miezi. Nilipokuwa nikiweka dumu chini, nilikuwa naangalia hata tone linalobaki kwenye mfuniko.

Madumu manne kwa nyumba na bustani! Bibi ndiye aliyenifundisha kuyagawa. Kuoga ni nusu ndoo na kata, si kusimama chini ya bomba. Maji ya kuoshea mchele na mboga yalikwenda kwenye mchicha. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yalikwenda kwenye mpapai na mgomba, si kwenye mboga za majani, na yakiwa na dawa ya kung'arisha hayakwenda popote. Tulibomoa matuta yaliyoinuka, tukachimba vitalu vilivyozama kama beseni, ili maji yasitoroke. Tukachanganya samadi, tukafunika udongo kwa nyasi kavu na mabua. Tulimwagilia jua likishazama, kwenye shina, si juu ya majani. Mche wa mpapai nikauzikia chupa ya plastiki iliyotobolewa, inadondosha polepole mizizini.

Hata hivyo hayakutosha. Jioni moja bibi alisimama bustanini akaonyesha kidole: hiki kiishi, hiki kife. Bamia zikabaki. Nusu ya mchicha tukauacha ukauke. Ulikuwa mchicha wa sukari na mafuta ya taa, na mimi ndiye niliyeuua. Nikaenda kubeba zege kwenye ujenzi mpaka bili ikalipwa.

Mvua ilipoanza Novemba nikapiga hesabu nyingine nyuma ya kaunta buku ileile. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la bibi ni mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48. Tabora hupata kama milimita 900 kwa mwaka wa kawaida. Hizo ni lita 43,200 zinazoanguka juu ya vichwa vyetu. Hata ikipotea moja katika kila tano, zinabaki zaidi ya madumu 1,700! Nikakunja bati kuukuu likawa mfereji, nikaweka mapipa mawili ya lita 200. Mvua ya milimita 10 tu inakaribia kuyajaza. Maji ya kwanza tunayaacha yaoshe vumbi la bati, yanayofuata tunayakinga. Kiangazi chetu, Mei mpaka Oktoba, ni kirefu, na mapipa mawili hayakifikii mwisho. Nadunduliza kununua tangi.

Siku hizi kijiweni utasikia, "Aa, maji ya nini kuyahesabu, si tuna ziwa?" Ni kweli. Miaka mingi mji huu ulinywa bwawa la Igombe na la Kazima, na karibu na mwaka 2020 bomba likatuletea Ziwa Victoria kupitia Shinyanga na Nzega. Ni jambo la kushukuru. Lakini ziwa lile linafika kwa bibi likipita kwenye mita na kwenye koki. Haba na haba hujaza kibaba, na hiyohiyo hukimaliza.

Sura ya tano nimeiandika upya. Sasa Shija hanawi uso. Anaweka maji mdomoni, anayazungusha, anameza kwa awamu tatu, kisha anafunga kibuyu na kukitikisa sikioni asikie kiasi kilichobaki. Nilimsomea bibi jioni, akiwa anachambua matembele. Hakuinua kichwa.

"Hapo sasa ana kiu," akasema. "Endelea."

Koki mpya nimeifunga mwenyewe. Usiku nikiandika, nikisikia tone, naweka kalamu chini na kutoka nje.